Mgeni Aliyeitwa Mkakati

Sogeeni, sogeeni karibu, jamvi ni kubwa na hadithi haina miguu ya kuwafuata huko mlipojibanza. Wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu, maganda yasije yakasikika kuliko Simba. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, amalize. Umemaliza? Haya. Midomo ifungwe, masikio yafunguliwe, maana anayetangulia kuingia ni Jua, na mwaka ule Jua lilikuwa limeamka vibaya.

Lilikuwa limeamka vibaya tangu mwezi wa kwanza, na halikutaka kuombwa radhi. Katika Bonde la Kikwajuni mawingu yalipita juu kwa juu, kama mtu mwenye deni la salamu. Visima vya zamani vikajaa vumbi. Likabaki dimbwi moja tu la kunywa. Mwanzoni maji yake yalimfika Swala tumboni, baadaye magotini, baadaye yakawa yanamlowesha kwato tu. Mama Kanga, ambaye alikuwa na vifaranga kumi na wawili na mdomo mmoja unaofanya kazi ya midomo kumi na mitatu, alipita kila nyumba kutangaza.

"Yamepungua tena," alisema. "Jana Chura alikuwa anaogelea. Leo anatembea."

Sungura aliyasikia hayo akiwa mlangoni kwake, na hakucheka, ingawa kwa kawaida hucheka kabla hata ya mwenzake kumaliza kusema. Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Mashavu, mzee mwenye ulimi mkali na nyonga iliyogoma. Simba mwenyewe alikuwa ameshatoa neno: dimbwi likikauka, wote watahama waende kwenye mto mkubwa, ng'ambo ya mbuga. Ni safari ya siku mbili, na njiani hakuna hata kijiti cha kujificha jua. Sungura alikuwa amempima mama yake kutoka mlangoni hadi kwenye kichuguu cha jirani. Mama alipumzika mara nne. Sungura akajaribu kukisia kichwani kuna vichuguu vingapi kutoka hapo hadi mtoni, akaona bora aache.

"Usinitazame hivyo," Bi Mashavu alimwambia. "Unanitazama kama mzigo unaotafutiwa kichwa."

"Sijakutazama, mama."

"Basi macho yako yamehamia kwangu bila ruhusa yako. Huko mnakotaka kuhamia, mimi siendi. Mimi nitabaki hapa na kiti changu."

Na Sungura alijua hasemi mzaha.

Sasa, palikuwa na Mhanga. Mhanga yule mwenye pua ndefu na kucha kama majembe, ambaye maisha yake yote ni kuchimba, na ambaye akisema maneno matano kwa siku huona amepayuka. Mhanga alisema chini ya bonde kuna maji. Alisema mahali: pale nyasi zilipobaki mbichi. Alisema muda: siku saba, wote wakichimba. Kisha akanyamaza, na kwa kuwa aliyesema ni Mhanga, hakuna aliyegeuza hata sikio.

Simba akaitisha mkutano.

Simba alikuwa amerudi juzi kutoka kwenye baraza kuu la simba wa milimani, na huko alilisikia neno. Wenzake walikuwa wakilitaja huku wakitikisa vichwa, naye akatikisa chake ili manyoya ya shingo yaonekane vizuri. Hakujua maana yake, wala hakuuliza. Simba ni afadhali alale na mwiba mguuni kuliko kusema "sijui" mbele ya watu.

"Nasikia kuna wanaotaka kuchimba," alisema. "Kuchimba tu, hivihivi. Sisi tunaokaa na wakubwa hatukurupuki. Kabla ya yote, tunamhitaji Mkakati."

Mama Kanga akanyoosha shingo.

"Mheshimiwa, huyo Mkakati ndiye nani?"

Simba akatazama mbali, kama anayemwona Mkakati mwenyewe akija. "Anayeuliza Mkakati ni nani," alisema, "huyo hajawahi kutoka."

Na hapo, watoto, ndipo tumbo la Fisi lilipolisikia neno lile kabla ya masikio yake. Maana Simba alisema "tunamhitaji", hakusema "tunauhitaji". Kumbe kasilabi kadogo hivyo kanaweza kuzaa mtu mzima.

Fisi akainuka. "Mama Kanga, usituaibishe," alisema. "Mkakati ni bwana mkubwa. Hakuna kisima kinachochimbika bila yeye. Mimi namfahamu, na Mheshimiwa anamfahamu."

Simba akashusha pumzi. "Ndiyo. Tunamfahamu."

"Bwana mrefu."

"Mrefu sana," alisema Simba.

"Mnene kiasi."

"Wastani."

"Na anakula," alisema Fisi. "Lazima niwaambie ukweli msije mkashangaa. Anafikiri sana, na mwenye kufikiri sana hula sana. Mimi nitajitolea. Nitamwita, nitamlaza kwangu, nitampelekea chakula mkitoa. Ila asisumbuliwe. Akisumbuliwa fikra humtoka puani."

Wakatoa. Wangefanyaje? Nyani walileta mabungo. Ngiri akaleta viazi pori. Bi Mashavu akatoa kunde zake za akiba, akisema tu, "Huyo bwana ana bahati." Simba, asionekane mdogo, akatoa paja la nyama kavu. Lilikuwa paja la nani, haikuulizwa, na Swala waliokuwapo wakatazama pembeni.

Ikawa kila asubuhi Fisi anatokea mbele ya mkutano kuleta habari.

Siku ya kwanza alisema, "Amefika. Anafikiri."

Siku ya pili alisema, "Amekwisha kufikiri. Sasa anafikiria kile alichokifikiri."

Siku ya tatu alisema, "Fikra imemkwama kooni. Ameomba asali."

Wakapeleka asali. Na Simba, ambaye hakupenda kusikia kuna mkubwa bondeni asiyemjua, akajikohoza na kusema kwamba jana alipita mwenyewe kwa Fisi, akashikana mkono na mgeni. "Mkono mzito," alisema. "Mkono wa mtu aliyesoma."

Dimbwini Chura aliacha kutembea. Sasa alikuwa amekaa tu.

Siku ya nne Sungura alibeba boga, akaenda kwa Fisi kumwona Mkakati. Alikuwa hajafika mlangoni alipokanyaga kijiti kikavu, *kwa!* Ndani, mara moja, maongezi yakaanza.

"Karibu tena kunde, Bwana Mkakati," ilisema sauti ya Fisi.

"Asante, Bwana Fisi," ilijibu sauti nyingine, nzito, ya mwangwi. "Lete zote."

"Zimekwisha, bwana."

"Nani kazimaliza?"

"Ni wewe, bwana."

"Ahaa. Basi waambie walete nyingine, tena waongeze chumvi."

Sungura akaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Alimwona Fisi peke yake. Akitaka kuwa Fisi, alisema hivihivi. Akitaka kuwa Mkakati, alitia kichwa ndani ya mtungi mtupu akanguruma humo. Alikuwa amenenepa mpaka alipotaka kukitoa kichwa, mtungi ulimng'ang'ania, akaruka nao chumba kizima kama ngoma iliyofufuka, huku Mkakati akipiga kelele mtungini, "Nivute, Bwana Fisi," na hakuna wa kumvuta.

Sungura alicheka mpaka akalala juu ya boga. Halafu akamkumbuka Chura, kicheko kikakatika kama kamba.

Akarudi kwa mama yake, akamweleza yote.

"Haya, nenda kamwambie Simba," alisema Bi Mashavu.

"Simba amesema ameshikana naye mkono. Nikisema Mkakati hayupo, nimesema Mheshimiwa ameshikana mkono na hewa. Kofi atakalonipiga, nitashukia mtoni bila kutembea."

"Basi usiseme hayupo."

"Nisemeje?"

"Sema yupo. Kisha mpe kazi."

Sungura akasogea karibu na kiti chake. "Mama, kwani Mkakati hasa ni nini?"

"Mimi neno lenyewe silijui," alisema Bi Mashavu. "Lakini nijuavyo, sianzi kupika kwa kuinjika chungu. Nauliza kwanza: wanaokula ni wangapi? Kuni zipo? Nani anasaga, nani anachota, na chakula kinatakiwa lini? Nikishajua, ndipo nawasha moto. Kama hicho ndicho kitu chao chenye jina kubwa, basi nimekuwa nikikipika miaka yote bila mtu kunipa paja la nyama."

Kesho yake Sungura hakuonekana kucheza popote. Alizunguka bonde zima. Alimwendea Mhanga, akakaa naye kimya mpaka Mhanga akamwamini, akaonyeshwa penye nyasi mbichi na kuelezwa udongo wa juu ulivyo mlaini na wa chini ulivyo mzito. Aliwatazama Nyani wakirushiana mabungo, akaona mikono inayoweza kupokezana vikapu. Alimtazama Ngiri akifukua viazi, akaona meno ya kulegeza udongo. Aliwatazama Swala, akaona mbio za kufuata fito za kuegemeza kingo zisiporomoke. Akamsikiliza Mama Kanga kwa saa nzima, kazi ambayo si kila mtu anaiweza, akaona mbiu ya kuwaita watu zamu kwa zamu. Jioni alikuwa na kitu chote kichwani. Kilichobaki ni mdomo wa kukisema, na mdomo wake yeye, mdogo vile, nani angeusikiliza?

Siku ya sita kwenye mkutano Sungura akasimama, uso umejaa huruma.

"Ndugu zangu, tunamwonea Mzee Fisi," alisema. "Amemlea mgeni wetu peke yake siku zote hizi. Mtazameni alivyokonda."

Wote wakamtazama Fisi, ambaye alikuwa amekaa juu ya tumbo lake kama mtu aliyekaa juu ya godoro.

"Kwetu mgeni wa kijiji huzungushwa," Sungura aliendelea. "Zamu ni zamu. Leo ahamie kwetu. Mama ameshatandika."

"Zamu ni zamu," walisema Nyani, ambao walitaka kumwona Mkakati tangu zamani.

Fisi akapepesa macho. "Asingekataa," alisema, "ila anaumwa."

"Masikini. Tumbo?" Sungura akauliza. "Basi asali isimame leo leo. Mwenye tumbo hupewa maji ya mwarobaini, asubuhi na jioni."

"Si tumbo. Ni kichwa."

"Kichwa? Kumbe hawezi kufikiri. Na asiyefikiri hahitaji kula, Mzee Fisi, ulituambia mwenyewe."

"Amepona," alisema Fisi.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nahisi hivyo."

"Hiyo ni habari njema," alisema Sungura. "Basi kwa kuwa ni mzima, kesho asubuhi atoke atuonyeshe pa kuchimba. Au Mheshimiwa anaonaje?"

Simba akanyanyua kidevu. "Atatoka," alisema. "Na mimi mwenyewe nitampokea. Tunajuana."

Kesho yake asubuhi jua lilipochomoza, mlango wa Fisi ulifunguka, na Mkakati akatoka.

Alitembea kwa miguu miwili, akiyumba kama meza mbovu. Mwili wote ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe ya udongo. Kiunoni alivaa majani ya migomba, na kichwani alikuwa amejifunika nusu ya kibuyu hadi machoni.

"Mama," alisema kifaranga mmoja wa Kanga, "mbona Mkakati ana mkia kama wa Mzee Fisi?"

"Nyamaza, huenda ni ndugu."

Simba akainama. "Tumeonana tena, bwana."

Fisi akafungua kinywa, akakumbuka kwamba sauti yake inajulikana na mtungi ameuacha nyumbani. "Mmmh," alisema.

Wote wakatazamana. Sungura akajipenyeza mbele upesi.

"Lugha ya kwao hiyo," alisema. "Babu yangu alitoka pande zile. Mimi nitatafsiri. Bwana Mkakati, shikamoo. Tuchimbe wapi?"

Fisi alikuwa ameona chungu cha viazi vya moto huko nyuma ya watu. Akakinyooshea kidole. "Mmmh."

"Anasema kule," alitafsiri Sungura, "mkipita hicho chungu, mwende moja kwa moja mpaka penye nyasi mbichi."

"Hata mimi naona hivyo," alisema Mhanga, ambaye alikuwa ameona hivyo tangu juma lililopita.

"Na kazi igawanywe vipi, bwana?"

"Mmmh."

"Anasema Mhanga aongoze, maana ndiye anayeijua ardhi. Ngiri alegeze udongo mbele yake. Nyani wajipange mstari, vikapu vipandishwe mkono kwa mkono. Swala walete fito za kuzuia kingo. Mama Kanga atangaze zamu, jua likifika hapa kundi moja linapumzika, likifika pale la pili linaingia. Na siku ni tano, kwa sababu dimbwi halina siku saba."

"Yote hayo yamo kwenye *mmmh* moja?" aliuliza Mama Kanga.

"Lugha yao ni fupi."

Fisi akainama kwenye sikio la Sungura, akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe, "Na chakula, wewe?"

Sungura akawageukia watu, amekunja uso kwa heshima. "Anasema yeye hatatia kitu mdomoni mpaka maji yaonekane. Na kikapu cha kwanza atabeba yeye."

"Mm-mmh!" alisema Fisi, akitikisa kichwa kwa nguvu mpaka kibuyu kikazunguka.

"Na cha mwisho pia."

Watu wakapiga makofi. Huyo ndiye mkubwa, walisema. Simba akapiga makofi kuliko wote, na kwa kuwa yeye alipiga, hakuna aliyethubutu kubaki nyuma.

Jamani, walichimba. Udongo ulipanda mkono kwa mkono kama una haraka zake. Mama Kanga aliita zamu kwa raha, maana kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaombwa aseme zaidi. Mhanga akazama mpaka pua, akazama mpaka mkia, akapotea kabisa, ikabaki sauti tu ya kucha. Na Mkakati alibeba vikapu. Kila aliponyemelea upande wa chakula, Sungura alikuwa tayari mbele yake akiuliza kwa unyenyekevu, "Bwana anasemaje?" Na kila alichosema bwana kiligeuka kuwa kikapu.

Siku ya nne ya kuchimba, dimbwi lilikufa. Chura alibeba watoto wake, akaja kukaa ukingoni mwa shimo, anatazama chini. Sungura alikuwa amempa mama yake mgao wake wa maji tangu juzi, naye mwenyewe ulimi ulikuwa umemkauka mpaka tafsiri zake zikawa fupi kama lugha ya Mkakati.

Siku ya tano, jua likiwa kichwani, sauti ya kucha ikakoma. Mhanga akatoka shimoni, amejaa tope hadi kwenye kope.

"Jiwe," alisema.

Jiwe lilikuwa limeziba chini yote, kubwa kama mgongo wa kiboko. Vikapu vikawekwa chini. Mmoja akakaa, wa pili akakaa, na punde mstari mzima wa Nyani ulikuwa umekaa.

"Inatosha," alisema Simba. "Fungeni mizigo. Tunaondoka kwenda mtoni sasa hivi, wakati miguu bado ina nguvu."

Sungura akageuka. Kule mlangoni kwao, mbali, alimwona mama yake juu ya kiti chake. Hakuwa anafunga mzigo wowote. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anawatazama.

Sungura akamsogelea Mhanga, akamnong'oneza, "Jiwe lina jasho?"

Mhanga akafikiri. "Lina baridi," alisema. "Chini lina jasho."

Basi Sungura akamwendea Mkakati, ambaye alikuwa amejilaza chini ya kikapu kama aliyezikwa humo. "Bwana," alisema kwa sauti ya kusikika bonde zima, "tufanyeje na jiwe?"

"Aaagh," alisema Fisi.

Sungura akashika kifua kama aliyeshtuka. "Anasema... hapana, hili siwezi kulisema mbele ya Mheshimiwa."

"Sema," alisema Simba.

"Anasema jiwe hili linang'oka, lakini kwa kamba, na kamba ivutwe na mmoja tu mwenye nguvu za kweli akisaidiwa na wote. Anasema hajui kama Kikwajuni kuna mtu huyo. Anasema huenda tumwazime simba wa milimani."

Manyoya ya Simba yakasimama wima, moja moja. "Leteni kamba," alisema.

Mkakati akateremshwa shimoni kulifunga jiwe, kwa kuwa, Sungura alitafsiri, ameomba mwenyewe. Simba akashika kamba mbele, nyuma yake Ngiri, nyuma Nyani wote na Swala wote, na mwisho kabisa vifaranga kumi na wawili wakining'inia kwenye ncha. Mama Kanga akaita. Wakavuta. Jiwe likakataa. Akaita tena. Simba akanguruma ngurumo ambayo alikuwa akiitunza kwa ajili ya wageni. Jiwe likasogea kama jino bovu, likalegea, likatoka.

Na maji yakafuata.

Hayakutoka kwa adabu. Yalipanda shimo zima kwa kishindo, meupe kwa udongo wa chokaa, yakamrusha Mkakati juu kama kizibo, yakammwagia Mama Kanga matone tangu shingoni hadi mkiani, yakamtua Mkakati kwenye nyasi miguu juu. Majani ya migomba yakaenda zake. Chokaa ikatiririka. Kibuyu kikabingirika pembeni.



"Mama," alisema kile kifaranga, "Mkakati ameyeyuka. Amebaki Mzee Fisi."

Hapo ndipo walipoelewa wote kwa pamoja: kunde, asali, paja, na zile siku sita walizokaa wakingojea huku maji yakikauka mbele ya macho yao. Nyani mmoja akaokota bonge la tope. Fisi akaliona, akaruka na neno la mwisho alilokuwa nalo.

"Ulizeni Mheshimiwa," alisema. "Si alishikana mkono na Mkakati? Basi aseme alishika mkono wa nani."

Macho yote yakamgeukia Simba. Simba akatazama mbali, kama kawaida yake, ila safari hii huko mbali hakukuwa na kitu cha kutazama. Manyoya yakalala. Sungura alijua kwamba kofi linatafuta shavu, na shavu la karibu lilikuwa lake.

Ndipo ikasikika fimbo. Bi Mashavu alikuwa amefika. Alikuwa amepumzika mara nne, na mara ya tano kwa hasira. Akawapita wote, akainama, akaokota kile kibuyu cha kichwani mwa Mkakati, akachota maji, akanywa. Akanywa tena. Akafuta mdomo.

"Mbona mmenyamaza?" alisema. "Mkakati ulikuwepo. Mheshimiwa ameushika leo, hapa, kwenye kamba hii, na sisi wote tumeona."

"Bi Mashavu," alisema Mama Kanga, aliyekuwa na masikio makali ingawa hayatumii sana, "umesema *ulikuwepo*. Si *alikuwepo*?"

"Nimesema ulikuwepo. Huo hauna tumbo, mwanangu, hivyo haupelekewi kunde. Ulikaa kwenye kichwa cha Mhanga tangu siku ya kwanza, bure, mkakataa kumsikiliza kwa kuwa hajapakwa chokaa."

Mhanga akatazama kucha zake. Simba akafanya jambo ambalo Kikwajuni hawakuwahi kuliona. Alimgeukia Mhanga akasema, "Neno lile nilikuwa silijui." Alilisema polepole, kama mtu anayetema mfupa. Halafu, kwa kuwa ni Simba, akaongeza kwamba alianza kushuku mapema sana.

Wakacheka mpaka Nyani wakaangukia majini. Hata Fisi akacheka, kwa aibu, *hiihi-hii*, akidhani akicheka nao watasahau. Hawakusahau. Walimpa kazi ya kuondoa tope kisimani kila kiangazi, kikapu kwa kikapu, na chakula atafute mwenyewe.

Basi haya, nyoosheni miguu, kila mmoja apokee urithi wake. Fisi alirithi mgongo ulioinama nyuma kwa vikapu, na kile kicheko cha aibu, ambacho mpaka leo humtoka hata akiwa peke yake. Mama Kanga alirithi matone ya chokaa mwilini, akakataa kuoga, akasema yanampendeza. Ngiri alirithi mashimo ya zamani ya Mhanga, anaingia na kulala bila kodi. Simba alirithi neno. Analitaja bado kwenye kila mkutano, ila akishalitaja humtafuta Mhanga kwa macho. Mhanga alirithi kusikilizwa, na kwa kuwa hakuzoea, anaongea maneno sita kwa siku. Bi Mashavu alirithi mahali pa kiti chake, ukingoni mwa kisima, hatua tatu tu kufika majini. Sungura alirithi mama yake, kiangazi kile na vingine vingi.

Na kibuyu kilibaki pale kisimani kuwa kata ya wote ya kuchotea maji, ndiyo maana Kikwajuni mtu akiwa na kiu husema anakwenda kunywa kichwani mwa Mkakati.